Mzee Akipaliwa Saa Nane za Usiku: Mafunzo ya Dharura na Sisi Tunaofanya Kazi za Wazee

(Maneno ya mazungumzo mbele ya Waafrika Mashariki waishio London)

 

Najua katika mikutano yetu anayepewa kipaza sauti huwa ni yule anayezungumzia siasa za nyumbani: katiba mpya, uraia pacha, nani kaiba kura na nani kaibiwa. Mimi ni muuguzi, na mada yangu ni mafunzo ya dharura za kiafya kwa wafanyakazi wa nyumba za kulea wazee. Nimewaona baadhi yenu mkitazamana mlipoisoma kwenye ratiba. Lakini nasema hii nayo ni siasa, tena inatugusa kuliko nyingi tunazokesha tukizibishania. Hebu anyooshe mkono ambaye hajawahi kufanya kazi ya wazee, na hana mke, mume, dada wala mpangaji mwenzake anayeifanya. Naona mikono mitatu, na mmoja ni wa mtoto.

Basi tuko nyumbani.

Hoja yangu ni moja. Usiku, wazee wa nchi hii wako mikononi mwetu, na mafunzo tunayopewa ya kuwaokoa wakizidiwa mara nyingi ni ya kwenye karatasi tu. Waajiri wanalijua hilo. Sisi pia tunalijua, na tumelinyamazia kwa sababu linaturahisishia maisha. Kwenye hilo sitawaonea haya.

Kwa wale wa nyumbani watakaoyasoma maneno haya, nieleze kidogo. Hapa England nyumba hizi ni za aina mbili. Kuna zenye wauguzi, ambapo lazima muuguzi aliyesajiliwa awepo saa zote, na kuna zisizo na muuguzi, ambapo wanaobaki na wazee ni wasaidizi, tunaowaita makea. Kazi zote za huduma za watu wazima katika England zinazidi milioni moja na nusu, na ukiingia zamu ya usiku katika nyumba nyingi za hapa London utasikia Kiswahili, Kiyoruba, Kishona, Kitagalogi na Kimalayalam kabla hujasikia Kiingereza cha mwenyeji. Hata kwenye nyumba yenye muuguzi, muuguzi ni mmoja, ghorofa ni tatu. Mzee akipaliwa na maziwa saa nane za usiku, wa kwanza kufika ni kea. Daktari kalala kwake, na meneja simu yake haina sauti.

Sasa hesabuni dakika. Huduma za magari ya wagonjwa hapa England zina lengo la kumfikia mtu ambaye moyo wake umesimama kwa wastani wa dakika 7. Mwenye dalili za kiharusi au maumivu ya kifua lengo lake ni wastani wa dakika 18, na kuanzia 2023 serikali ikalilegeza kwa muda hadi dakika 30. Desemba 2022 wastani wa kundi hilo la pili ulipita saa moja na nusu. Ubongo hauna subira hiyo. Ukikosa oksijeni kwa dakika kama 4 unaanza kuharibika, na kila dakika inayopita bila kusukumwa kifua na bila mashine ya kushtua moyo, nafasi ya kupona inapungua kwa takriban asilimia 10. Kwa hiyo hata siku ambayo gari limewahi, mwenye kuamua kama kuna wa kuokolewa ni yule aliyekuwa chumbani.

Niwape kisa kimoja. Agosti 2022, huko Somerset, bibi mmoja wa miaka 91 alinaswa kwenye kiti cha umeme cha kupandia ngazi katika nyumba ya wazee. Makea wawili walikuwa zamu, mmoja katoka Romania, mwingine India. Wakapiga 999. Bibi alifariki. Hakimu mchunguzi wa vifo alipolichambua jambo lile, aliandika kwamba makea wale hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kumweleza mpokea simu kilichotokea. Hawakuweza kutofautisha neno "bleeding" na neno "breathing", wala "alert" na "alive". Yaani mtu anaulizwa kama mgonjwa anapumua, yeye anajibu habari za damu.

Magazeti ya hapa yalilichukua kama habari ya wageni wasiojua lugha, na mkiyasoma maoni ya wasomaji chini yake mtajua wanatutakia nini. Mimi sikuisoma hivyo. Makea wale hawakujiajiri. Kuna aliyewahoji, kuna aliyewapangia zamu ya wawili peke yao, na kuna aliyesaini kwamba wamefundishwa. Halafu nikajiuliza: Mswahili angekuwa pale ingekuwaje?

Kwa lugha yetu, kutoka damu na kupumua havifanani hata kidogo. Lakini tuna mitego yetu. Wa kwanza ni adabu. Sisi tumelelewa kutolisema jambo zito ghafla. Mtu kafariki Tanga, anayekupigia anaanza na salamu, watoto, kazi, baridi ya huko, kisha anakwambia mama hali yake si nzuri sana, jikaze tu. Tunasema mgonjwa "hajambo kidogo" wakati wote tunajua yuko ukingoni. Huo ni uungwana na nauheshimu. Lakini ukiubeba hadi kwenye 999, mpokea simu anauliza swali la kwanza kabisa, mgonjwa anapumua? na wewe unaanza kumweleza kwamba mzee huyu tangu jana hakula vizuri.

Wa pili ni maneno yenyewe. Tunasema "amezidiwa". Neno zuri, kila Mswahili analielewa, lakini lipeleke kwa Kiingereza uone. Nimesikia likigeuzwa "she is bad". Mpokea simu wa London akisikia hivyo hajui kama bibi anatukana watu au anakata roho.

Na hilo la kukata roho ndilo lililonifanya nikubali kuja kusema leo. Wazee mliopo hapa mnalijua. Mtu moyo wake ukishasimama, mara nyingine anaendelea kuvuta pumzi moja moja, nzito, ya mkoromo, mdomo wazi kama samaki aliyetolewa majini. Bibi zetu walipoona vile walijua mara moja: huyu anakata roho. Lugha yetu ina jina lake. Madaktari wanafundisha jambo hilohilo: pumzi zile si kupumua, ni dalili ya moyo uliosimama, na ukiziona unaanza kusukuma kifua papo hapo. Sasa Mswahili huyu mwenye jina la jambo lenyewe akipiga 999 na kuulizwa anapumua? anajibu "yes, breathing", kwa kuwa sauti ya pumzi anaisikia. Dakika nne zinaondoka hapo. Ukiona mtu anakata roho, jibu ni "not breathing normally". Maneno matatu. Yakaririni leo, mkitoka hapa mkayakariri kwenye basi.

Tena wengi hawajui kwamba gari huanza kutumwa wakati bado unaulizwa maswali. Maswali hayachelewi kitu. Nimewaona watu wakikata simu kwa hasira wakidhani wanapotezewa muda. Usikate. Weka simu kwenye spika, ilaze kitandani, mikono yako ifanye kazi, na anwani yenye postikodi iwe imebandikwa ukutani pale simu ilipo, kwa sababu ukiwa umetoka kwa ajensi na ile ni zamu yako ya kwanza pale, postikodi huijui.

Niende kwenye ugonjwa mwingine, nao ni kungoja ruhusa. Usiku wa tarehe 31 Januari 2004, nyumba ya wazee ya Rosepark, Uddingston, Scotland, ilishika moto. Walikufa wazee 14. Najua moto si mada yangu, lakini nisikilizeni. Uchunguzi uliotolewa hukumu yake 2011 ulionyesha kwamba kengele ililia na zikapita dakika 9 kabla ya zimamoto kupigiwa simu. Wafanyakazi walifuata walichozoea, kwanza kutafuta moto uko wapi, na hawakuwa wameandaliwa vya kutosha kwa usiku kama ule. Hawakukimbia, na hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakifanya walichokielewa.

Vilevile Februari 2013, Bakersfield, California, bibi wa miaka 87 alianguka kwenye makazi ya wazee. Mfanyakazi alipiga simu ya dharura, na sauti ile ilitangazwa dunia nzima: mpokea simu anambembeleza asukume kifua, yeye anajibu kwamba sera ya pale haimruhusu. Anaombwa basi amtafute mpita njia yeyote. Baadaye familia ilisema bibi mwenyewe alitaka kufa bila kuhangaishwa, na kampuni ikasema mfanyakazi aliielewa vibaya sera yao. Yote hayo yawezekana. Lakini dakika zile yeye hakuyajua. Alichokijua ni sera, na sera hakufundishwa maana yake.

Nayaleta haya kwa sababu sisi tumelelewa kuheshimu ngazi. Kea kutoka Moshi au Mombasa hatampita muuguzi, na muuguzi hatampita meneja. "Sikutaka kuonekana najifanya daktari." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Ndugu zangu, kupiga 999 hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kea wa siku ya kwanza anaruhusiwa. Mwanamke wa kufagia anaruhusiwa.

Sasa mafunzo yenyewe. Tangu Aprili 2015 kuna kitu kinaitwa Care Certificate, kilichotokana na ripoti ya Camilla Cavendish ya 2013, baada ya kashfa ya hospitali ya Stafford. Kipengele cha 12 ni kuokoa maisha. Kisheria cheti hicho si lazima, ila wakaguzi wa CQC wanatarajia mwajiri akitumie au awe na kinacholingana nacho, na kanuni za 2014 zinamtaka awe na wafanyakazi wa kutosha wenye ujuzi. Kwenye maandishi ni kuzuri. Mfanyakazi anapata nini hasa?

Anapata neno la siri la kuingilia kwenye kompyuta. Katika nyumba moja niliyowahi kufanya kazi, ambayo jina lake si la lazima, mfanyakazi mpya alipewa kozi 14 azimalize kabla ya zamu ya kwanza, nyumbani kwake, bila malipo. Kuokoa maisha ilikuwa kati ya usafi wa mikono na kuzuia moto, kama dakika 40 za kubofya. Maswali ni ya kuchagua, ukikosa unarudia hadi upate. Ukimaliza kinatoka cheti chenye nembo ya dhahabu. Mtu huyo kifua cha mdoli hajakigusa.

Kompyuta haikufundishi uzito. Kifua cha mtu mzima kinasukumwa kiingie sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na dakika ya pili mikono inatetemeka. Haikwambii kwamba mbavu za bibi wa miaka 90 zinaweza kulia chini ya kiganja chako na wewe usiache. Haikwambii kwamba wazee wetu wengi wanalala kwenye magodoro ya upepo, na ukisukuma kifua juu ya godoro lililojaa unasukuma upepo. Magodoro hayo mengi yana kamba au kizibo chenye herufi CPR, unavuta, upepo unatoka. Nimeuliza makea wenye miaka mitano kazini, wengine hawajawahi kukiona. Na mzee akipaliwa yuko kwenye kiti cha magurudumu, kafungwa mkanda, ana kilo 95, utafanyaje? Picha kwenye skrini inaonyesha kijana mwembamba aliyesimama.

Kupaliwa nakuweka mbele ya yote, kwa sababu hapo ndipo kea anaweza kuokoa kweli. Moyo wa mzee dhaifu ukishasimama, tuseme ukweli, wachache sana wanarudi. Lakini aliyepaliwa na mkate anarudi, ukiwahi. Unamwinamisha mbele, makofi 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja, kila kofi unatazama kama kimetoka. Hakijatoka, unapita nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, unabana tumbo kuingia ndani na juu, mara 5. Unarudia. Akizimia, chini, 999, unaanza kifua. Kumpa maji anywe ni kumwongezea.

Na kabla ya makofi kuna jikoni. Juni 2018 huduma ya afya ya England ilitoa tahadhari kuhusu maneno mawili tu, "soft diet". Mpishi anaelewa hivi, muuguzi vile, kea wa ajensi anaelewa chochote kisichokuwa kigumu, na watu walikuwa wanadhurika, wengine kufa. Ndipo ikaamriwa vyakula vipimwe kwa viwango vya namba, kuanzia 0 hadi 7. Mzee wa kiwango cha 4 anakula uji mzito uliosagwa laini. Umpe kipande cha mkate uliolowekwa kwenye chai kama unavyompa bibi yako Pangani, kwa mapenzi kabisa, unaweza kumuua. Mkate ni laini kwa mkono, kooni unageuka gundi.

Mengine nayapita haraka. Mwenye kisukari aliyebadilika tabia ghafla, pima sukari. Ikiwa chini ya 4 na anameza vizuri, mpe sukari ya haraka. Kama hajitambui usimmiminie kitu mdomoni. Aliyeanguka akagonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata akikwambia ni mzima, huyo ni wa hospitali. Uso umepinda upande, mkono haunyanyuki, maneno hayaeleweki, ni kiharusi, angalia saa uliyomwona mara ya mwisho akiwa sawa kwa sababu hospitali wataiuliza. Mzee mwenye maambukizi makali anaweza asiwe na homa; utamwona tu leo kazubaa, hataki chai yake, anakuita jina la dada yake. Kea anayemwosha kila siku anaona hayo kabla ya daktari yeyote, na kama hakufundishwa kwamba alichokiona ni dalili, ataandika kwenye daftari "alilala vizuri".

Kuna karatasi moja inayotuchanganya, inaitwa DNACPR. Maana yake moyo ukisimama, asisukumwe kifua. Haina maana nyingine. Haisemi asipewe dawa, asipelekwe hospitali, aachwe na kiu. Mwenye karatasi hiyo akipaliwa na chakula, unampiga makofi ya mgongo kama mwingine yeyote. Nalisema kwa sauti kwa sababu nimewakuta watu wazuri kabisa wamesimama mlangoni, wameshika faili, wakiamini kwamba karatasi imewakataza. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya 2014 katika kesi ya Tracey, madaktari wanatakiwa wazungumze na mgonjwa kabla ya kumwandikia, isipokuwa mazungumzo yenyewe yatamdhuru. Hata hivyo wakati wa korona karatasi hizi zilisambazwa ovyo, na wakaguzi wa CQC waliripoti Machi 2021 kwamba mamia ziliandikwa bila kujadiliwa na mgonjwa wala jamaa zake. Wenye wazazi waliolazwa hapa, ombeni kuiona hiyo karatasi, mjue iliandikwaje.

Na upande wa pili: kama karatasi haipo, unaanza. Muuguzi mmoja wa nyumba ya wazee aliitwa mbele ya jopo la NMC, kesi ikavuma 2017, kwa sababu hakumsukuma kifua mgonjwa aliyemkuta tayari kageuka rangi, karibu kuwa wa baridi. Wauguzi wengi tuliona ni kumwonea. Lakini lichukueni kama lilivyo: usiku ule hakuna atakayekutetea ila kilichoandikwa na kile ulichofundishwa.

Sasa nakuja kwetu, na hapa mniwie radhi. Tusidanganyane. Wapo kati yetu wanaofanyiwa zile kozi na mtu mwingine. "Binamu, nimechoka, nifanyie, neno la siri nimekutumia." Wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo, kozi zote kwa usiku mmoja, wanaitangaza kwenye makundi yetu ya WhatsApp katikati ya tangazo la pilau na tangazo la msiba. Tunacheka. Tunaita ujanja wa mjini, mbeba boksi atafanyaje. Cheti kina jina lako. Bibi akipaliwa, binamu yuko Coventry amelala.

Nawaelewa wanaofanya hivyo, maana wametoka zamu ya saa 12 wanaambiwa wakasome bure. Basi jueni haki yenu. Mafunzo ambayo mwajiri anakulazimisha ni saa za kazi, na sheria ya kima cha chini cha mshahara inayahesabu hata ukiyafanya jikoni kwako. Dai saa hizo. Dai mdoli. Dai angalau mara moja kwa mwaka mtu aje afundishe kwa mikono, ndani ya nyumba ileile, kwa viti vilevile na magodoro yaleyale, na zamu ya usiku nayo ifundishwe, maana mara nyingi mwalimu huja saa nne asubuhi wakati watu wa usiku wamelala.

Najua mtakachonijibu: dada, wewe una usajili na pasi yako, mwenye viza ya mwajiri atadai nini? Ni kweli. Makea waliruhusiwa kuletwa kwa viza hiyo kuanzia Februari 2022. Wakaja kwa maelfu, wengine wakiwa wamelipa mawakala mpaka shamba la babu. Machi 2024 wakazuiwa kuleta wake, waume na watoto, na tarehe 22 Julai 2025 mlango ukafungwa kwa makea wapya kutoka nje. Aliyebaki ndani anajua mwajiri akipoteza leseni ana siku 60 za kupata mwingine, basi ananyamaza. Ndiyo maana nasema hili ni jambo la kikundi. Mmoja akiandika barua anaitwa mkorofi. Wakisaini makea kumi na mbili, na chama cha wafanyakazi kikawa nyuma yao, meneja anakumbuka kwamba mkaguzi anaweza kuja wiki ijayo. Na mkaguzi anapokea taarifa hata isiyo na jina.

Serikali zetu nazo zisijifiche. Julai 2021 Kenya ilisaini makubaliano na Uingereza kuhusu kuleta wauguzi. Novemba mwaka ule Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema kati ya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza walifaulu 10 tu. Watu walicheka mitandaoni wiki nzima. Mimi niliona afadhali hao walipimwa, tena kwa mtihani mgumu. Kea alipimwa kwa kiwango cha chini zaidi, na hakuna aliyempima kama anaweza kusema kwenye simu kwamba mtu hapumui. Tunapojadili kupeleka vijana Uarabuni, Ujerumani au popote, tunajadili mshahara na ada ya wakala. Sijasikia waziri yeyote, wa Dodoma wala wa Nairobi, akiuliza kijana huyu akifika, siku ya kwanza mtu akianguka mbele yake, ameandaliwa kwa lipi.

Na nyumbani? Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura Tanzania ilifunguliwa Muhimbili 2010. Juzi tu hapo. Unguja kuna nyumba za wazee Sebleni na Welezo, lakini wazee wetu wengi wako majumbani, na hapo ndipo roho inaponiuma. Tumewajengea wazazi nyumba za vigae, tumeweka tanki la maji na king'amuzi. Anayebaki na mama usiku ni dada wa kazi wa miaka 17 kutoka Singida au Kilifi. Huyo ndiye kea wa mama yako, na hana hata cheti cha kubofya. Mama akianguka atamwagiwa maji, atanusishwa kitunguu, akipata degedege ataingizwa kijiko mdomoni, kisha binti atakupigia wewe, London, muda wa maongezi ukiwa umebaki wa sekunde ishirini. Wewe utaanza kumpigia kaka aliyeko Kahama.

Mkienda likizo, tengeni asubuhi moja. Mto wa kitanda unatosha kumfundishia binti makofi ya mgongo na kusukuma kifua. Mwandikieni ukutani namba ya jirani mwenye gari na ya hospitali ya karibu, kwa herufi kubwa. Mkataze kijiko. Mwongezeeni na mshahara mkiwa hapohapo.

Nimeleta midoli miwili, nimeiazima kwa mwenzangu mmoja na jioni nairudisha bila mkwaruzo, nimeapa. Iko nyuma ya viti vile, karibu na masufuria. Wenye viatu virefu wavue, wenye makoti waweke kando. Tutaanza na wanaofanya zamu leo usiku, wawili wawili, mmoja anasukuma mwingine anapiga simu ya kuigiza, kwa Kiingereza, na mpokea simu nitakuwa mimi. Chakula kitasubiri. Mama, wewe wa gauni la bluu, njoo uwe wa kwanza.